Kioo cha Papa Joyeuse

Butembo nzima sijaona mtu mwoga kama Papa Joyeuse, na hilo mimi humwambia hata mbele ya wateja wake. Jina lake ni Ananie, fundi wa umeme wa magari, jirani yangu. Radi ikipiga, anaacha kazi na kukimbilia ndani. Tangu watu waanze kuuawa kwenye barabara ya Beni hakuikanyaga tena, ingawa binti yake Joyeuse ameolewa huko. Salamu alinituma mimi, kwa kuwa ni dereva, nami nilizifikisha pamoja na masihara yangu juu ya woga wake.

Vioo vya umeme ndivyo vinavyomlisha, maana vumbi letu jekundu halisazi kitu. Gari likiletwa na kioo kilichogoma, kwanza anabonyeza kibonyezo na kutega sikio mlangoni. Mota ikilia bila kioo kusogea, basi kamba ya chuma inayokivuta imekatika. Kukiwa kimya, anautafuta umeme ulipopotelea: fyuzi, kibonyezo, halafu nyaya. Kazi yote anaifanya mlango ukiwa wazi, ili aone kioo kinavyopita katika reli zake. Mafundi wetu wote hufanya hivyo.

Joyeuse alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama yake, Tamar, alitangulia Beni. Kutoka huko akampigia mumewe simu, akamwambia kwamba asipokuja, binti yao atajua kuwa baba anaupenda woga wake kuliko yeye. Maneno hayo yalimchoma. Akaja kwangu, akasema atapanda gari langu, ila kwanza atatengeneza kioo cha abiria kilichokuwa kimekufa.

Alikuwa na sababu. Gari langu, kama mengi yanayotoka Uganda, lina usukani kulia, ingawa kwetu usukani huwa kushoto. Kwenye barieri, yaani vizuizi vya barabarani, askari huja kushoto, akidhani dereva yuko huko, na sheria ya njia ile ni kwamba ushushe vioo taratibu, sura zionekane. Mimi nilikuwa nimebandika karatasi nyeusi kwenye vioo vyangu, kwa kiburi tu. Kioo kisiposhuka, askari hajui kama ndani kuna bibi harusi au muuaji.

Akafungua mlango, akasafisha kibonyezo kilichojaa vumbi, na kioo kikapanda na kushuka vizuri. Kwa ajili ya baridi ya asubuhi alikipandisha hadi juu, ndipo akavuta mlango, tukaondoka.

Njiani kila kichaka alikiangalia mpaka kikabaki nyuma. Nilimtania kidogo, kisha nikaacha, kwa sababu hata mimi barabara ile hunikausha mate, sema tu huwa nalificha.

Kwenye barieri ya kwanza askari walikuwa wamekasirika, au ndivyo nilivyodhani. Jana yake kulikuwa na mashambulizi upande wa Mangina. Kijana mmoja akaja kushoto, akafanya ishara ya kushusha. Ananie akabonyeza. Kimya. Nami upande wa dereva nikabonyeza kibonyezo cha kioo hichohicho. Kimya vilevile.

"Kitisa vitre!" askari akasema kwa Lingala, yaani shusha kioo, akarudi nyuma na kuelekeza bunduki kwenye kioo.

Nilishusha kioo changu, nikatoa mikono yote miwili nje, nikasema kwa sauti kwamba vitre imekufa. Hakunisikia, au hakuniamini.

Ananie alikuwa ametega sikio mlangoni, kama anavyofanya kazini.

"Abdias, mota hapana lia," akaninong'oneza. "Waya umekatika kwa bawaba. Mulango ukiwa wazi unagusana, ukifungwa unaachana. Miye nilijaribu wazi tu."

Nilielewa. Ili kioo kishuke, ilibidi afungue mlango mbele ya bunduki ile, na kufungua mlango ghafla kwenye barieri ndiyo njia ya haraka ya kufa. Nilimsihi asifanye. Lakini askari alikuwa ameanza kuhesabu.

Ananie alivuta kishikio. Aliusukuma mlango polepole mno, upana wa kiganja, akatoa nje mkono mmoja uliokunjuliwa, mtupu. Kwa mkono wa pili akabonyeza. Kioo kikaanza kushuka, na nyuma yake ukaonekana uso wa mzee anayelia.

Askari aliutazama uso ule. Kisha akashusha bunduki.

"Hata miye niliogopa, papa," akasema. "Pita."

Tulipoondoka, harufu ikanifikia. Suruali ya Ananie ilikuwa imelowa hadi magotini. Nilikaza macho mbele.

Kabla ya Beni mvua kubwa ikashuka. Nilimwambia aufungue mlango kidogo, apandishe kioo. Alikataa kwa kichwa. Mvua ikampiga safari nzima, kuanzia kofia hadi viatu, naye hakujifuta.

Joyeuse alimpokea mlangoni, mtoto mikononi, akaangua kicheko kwa jinsi baba yake alivyolowa chapachapa. Akaniuliza mimi, mchokozi wa siku zote, kama Papa aliogopa njiani.

Ananie aliinamisha macho.

"Hapana," nikasema. "Ni mvua tu, vitre haikufunga."