Dawa Iliyofungwa Ndani ya Mafuta

Baba alikuwa fundi wa magari mtaani Buyenzi, na kila kitu duniani alikielewa kwa kupitia injini. Ndiyo maana daktari alipotueleza dawa ya mama, baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuielewa. Na ndiye aliyeiharibu.

Mama alikuwa na kansa ya titi, na moyo wake ulikuwa dhaifu. Dawa ya kawaida, alisema daktari, huzunguka mwili mzima, na ingeweza kuumaliza moyo kabla ya kuumaliza uvimbe. Lakini Ulaya kulikuwa na aina mpya: dawa ileile, imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vifuko hivyo hupita kwenye damu bila kufunguka ovyo, na kwa kuwa mishipa ya uvimbe inavuja, vingi huishia humo. Baba alifurahi sana. Hata yeye, alisema, hamwagii gari zima grisi. Huipeleka kwenye kiungo kinacholia.

Shangazi, aliyeishi Ubelgiji, alihangaika miezi miwili mpaka akaipata, akampa msafiri vichupa viwili. Vilitufikia Ijumaa alasiri. Siku hizo za vita barabara zilifungwa kila bunduki zilipolia, na ile ya kwenda kliniki, kule Kinanira, ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Tukaviweka kwenye friji ya jirani, tungoje Jumatatu.

Jumamosi umeme ukakatika. Baba hakumuuliza mtu. Mafuta yakipata joto huyeyuka, hilo alilijua tangu ujana wake, basi akavichukua vichupa akavipeleka kwa rafiki yake muuza samaki, mwenye friza na jenereta, akavifukia chini kabisa, chini ya samaki aina ya mukeke. Alirudi ananuka samaki, uso umemchanua. Nami, msomi wa nyumba, niliyemsomea karatasi ya Kifaransa iliyokuja na dawa, niliishia pale paliposema iwekwe kwenye baridi. Mstari uliofuata ulikataza kuigandisha. Sikuusoma. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusuka nywele.

Jumatatu daktari alikiinua kichupa dirishani. Dawa ilikuwa imekatika kama maziwa yaliyochacha. Akatuuliza ilikaa wapi, nikamweleza. Ikishaganda, alisema, vifuko hupasuka, na dawa haina tena wa kuibeba. Ilibaki ile ya kawaida, kidogo kidogo, huku akiupima moyo kila mara. Hakutuahidi kitu.

Baba alikuwa nje, anafuta kioo cha gari tuliloazima. Niliinuka nikamwite. Mama akanivuta gauni.

"Kaa chini. Sasa hivi mugonjwa ni mi moja tu. Mukimwambia, tutakuwa wawili."

Nilimkasirikia. Niliona anatufundisha uongo akiwa na kaburi mbele yake, na kwamba kosa langu nalo lilikuwa linafichwa bila mimi kuomba. Daktari alivitupa vichupa, akavuta pazia, akamtundikia mama ile dawa ya kawaida.

Mama alitoka baada ya saa tatu, ameniegemea. Baba alikuja mbio. Mikono yake alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga mpaka weusi wa oili ukabaki kwenye kucha tu. Hakumuuliza kama ameumia.

"Imefika?"

Mama aliushika mkono ule, akauweka kifuani pake juu ya kanga, pale penye uvimbe, mbele ya watu wote waliongoja zamu. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Imefika," alisema.

Baba akanigeukia mimi niliyesoma. Nikamwambia ndiyo, imefika palepale.

Moyo wa mama ulistahimili. Aliishi miaka mitano zaidi kwa ile dawa ya kawaida, na miaka yote mitano baba aliwasimulia wateja wake jinsi alivyoihifadhi ile ya mafuta. Mama akiwa karibu, alimwacha amalize, kisha akawaambia kwamba ni kweli, bila mume wake asingekuwapo.