Pini Kisiginoni

Raba nilizonunua mtumbani zilikuwa nzuri kuliko viatu vyangu vyote, nyeupe zenye mistari ya kijani, na zilinibana kidole gumba cha mguu wa kulia tangu siku ya kwanza. Nilizivaa kwa ukaidi. Nesi aliyenipima presha alikuwa ameniambia kwamba sisi mafundi cherehani tunajiua kwa kukaa, na mimi tangu nifunge mota kwenye cherehani yangu hata ile kazi ya kukanyaga pedeli ilikwisha. Jioni miguu ilivimba, mgongo ulikaza, na nikiinuka kwenye kiti hatua za mwanzo nilizipiga kama bibi kizee. Basi nikaamua nitakuwa nakimbia.

Kuamua si kazi. Naishi Sofu, nje ya Dar, nina watoto watatu, mume anayefanya kazi mjini na kuondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na kibanda cha kushonea kilicho hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nilijaribu kukimbia jioni, lakini jioni ndiyo saa wateja wanatoka makazini, na fundi asiyeonekana jioni huambiwa ametoroka na vitambaa vya watu. Nikajaribu mchana, jua likanirudisha. Nikajaribu alfajiri baada ya sala, nayo ni saa ambayo baba watoto anatafuta soksi, wadogo hawataki kuoga na uji unachemka mpaka unamwagika.

Nafasi nilikuja kuipata mahali ambapo ilikuwepo siku zote. Kila asubuhi niliwapeleka wale wawili wadogo shule, upande wa kuelekea Mbwawa, kisha nikarudi peke yangu nikijikokota. Kule kurudi kulikuwa kwangu. Mpaka nifungue kibanda, hakuna aliyekuwa ananihitaji. Siku moja nikawaaga watoto getini, nikageuka, nikaanza kukimbia. Katikati ya njia kidole kikanishinda. Nikavua raba, nikafunga kamba zake pamoja, nikazitundika begani na kuendelea pekupeku. Mchanga ulikuwa na ubaridi wa umande. Nilifika nyumbani nikihema, nyayo zinawaka, na mgongo uliokuwa ukinisumbua mwezi mzima nilikuwa nimeusahau.

Raba nikampa shemeji yangu. Tangu siku ile nilitoka nyumbani na ndala, nikirudi nazishika mkononi.

Kwetu mtu mzima hakimbii bila sababu, sembuse mwanamke aliyevaa dera juu ya suruali, ndala mkononi. Wiki ya kwanza mama mmoja anayeuza vitumbua kando ya njia aliinuka kwenye kigoda chake aliponiona.

"Kuna msiba?" akauliza, mkono kifuani.

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto kaungua?"

"Hapana, nafanya mazoezi tu."

"Mazoezi ndiyo pekupeku?" Akaketi taratibu, akanitazama mpaka nikapotea.

Haikupita muda maneno yakamfikia mume wangu kwamba mkewe hana viatu. Alicheka sana. "Wakikuuliza tena, waambie viatu ninavyo mimi, na miguu ni yako," akasema. Nilimshukuru kwa kicheko kile. Lakini lipo jambo ambalo hata yeye sikumwambia.

Baba yangu alikufa kwa kisukari. Kwetu ni Kisarawe, ndani kidogo kwenye njia ya kwenda Maneromango, na baba alikuwa mkulima wa mihogo na minanasi, akiuza na chumvi na sabuni barazani kwake. Shambani alikwenda pekupeku maisha yake yote. Alisema viatu vinamfanya aukanyage udongo kama mgeni. Siku moja alikanyaga kipande cha chupa na hakujua. Alilima nacho, akarudi nacho, akala, akalala nacho. Siku kadhaa baadaye mama alisikia harufu chumbani, akadhani ni panya amefia darini. Haikuwa ya panya. Mguu ule ulikatwa chini ya goti, na baba hakukaa sana baada ya hapo.

Tangu siku hizo mama aliweka sheria nyumbani kwake kwamba hakuna anayegusa ardhi kwa unyayo mtupu, awe mtoto, awe mkwe, awe mgeni. Alituhimiza sote tukapime sukari. Kaka zangu walikwenda. Mimi kila mwaka nilisema nitakwenda. Ukweli niliogopa, na hofu yangu nikaipatia dawa ya peke yangu, ambayo ni kule kukimbia. Kila asubuhi nilipokanyaga kokoto ikaniuma, nilifurahi. Nilipogusa mchanga wa baridi nilijiambia, bado ninasikia, mimi si kama baba. Sikukimbia kwa ajili ya mgongo peke yake. Nilikuwa najipima kwa njia isiyotoa majibu kwenye karatasi.

Mama nilimficha. Nikienda Kisarawe nilivaa viatu vya kufunika, nikavua chumbani tu. Lakini udhu hauchukuliwi na viatu. Adhuhuri moja alikuwa akinimiminia maji kwa kopo uani, nikainua mguu, na kopo likasimama hewani.

"Nyayo hizo ni za nani?" akauliza.

"Zangu, mama."

"Nakuuliza, ni za nani? Nimezikanda nyayo hizo miaka mingi, nazijua. Hizo ni za baba yako."

Nikamweleza. Nilimwambia habari ya mgongo, ya watoto, ya njia ya shule, na jinsi ninavyokimbia kwenye mchanga laini tu. Akasikiliza akiwa ameshika lile kopo. Nilipomaliza akamimina maji yaliyobaki, akasema, "Umekwenda kupima?"

"Nitakwenda."

"Na baba yako alisema atakwenda." Akaingia ndani kusali.

Niliendelea kukimbia. Miezi ikapita, miguu ikaacha kuvimba, nikawa mwepesi hata kupanda kiti kutoa vitambaa juu ya kabati. Yule mama wa vitumbua akazoea, akawa ananitupia salamu bila kuinuka. Kisha ikaja asubuhi ya mteja mmoja.

Alikuwa shangazi wa bibi harusi, ameleta gauni lipunguzwe kiunoni. Mimi nimetoka kukimbia, nimenawa juu juu, nimeketi na mguu mmoja nimeuweka juu ya kigoda huku nikifumua mshono. Akacheka.

"Mafundi bwana! Pini mnaziweka popote. Sasa hiyo ya kisiginoni ni ya nguo gani?"

Nikageuza mguu. Kwenye ukingo wa kisigino, pale penye gaga, palikuwa na kichwa cha pini cha rangi ya bluu. Nikakishika, nikavuta. Pini ikatoka, ikaendelea kutoka. Ilikuwa imeingia karibu yote. Haikuwa na damu. Kichwa chake kilikuwa kimesagika upande mmoja na kujaa mchanga, kwa hiyo nilijua haikuingia pale kibandani asubuhi ile. Nilikuwa nimeikanyaga jana yake wakati wa kufunga kazi, nikalala nayo, nikakimbia nayo njia nzima kutoka shule.

Sikuwa nimesikia kitu.

Shangazi mtu aliona sura yangu, akaacha kucheka. "Fundi, vipi?"

"Naomba uje kesho," nikamwambia. Sijui kama nilisema samahani. Nilifunga kibanda, nikaingia ndani, nikavaa soksi na viatu vya kufunika, nikakaa kitandani. Mume wangu alikuwa kazini. Ningeweza kumpigia. Nilimpigia mama.

"Mama, nimechomwa na pini mguuni," nikasema, "na sikusikia."

"Usiuguse," akasema. "Nakuja."

Mvua zilikuwa zimeharibu njia za ndani, ikabidi azungukie Dar, akafika kwangu jioni, kanga zimeloa upindo, mkononi ana mfuko wa mihogo. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mume wangu aliporudi na kuelezwa, alikaa chini sakafuni mbele yangu, akaushika mguu wangu kama kitu kinachoweza kuvunjika, akausogeza kwenye taa. "Mbona hukuniambia unaogopa?" akauliza. Akasema yeye atawapeleka watoto shule kesho, kazini watamvumilia.

Asubuhi sikutakiwa kula kabla ya kupima. Nilimwekea mama chai na kiazi, akakataa. Nikadhani ni wasiwasi.

Kwenye kituo cha afya tulikaa kwenye benchi, mimi na yeye, bega kwa bega. Zamu yangu ilipofika aliingia nami bila kuomba ruhusa. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine, akatazama, akaandika, wala uso wake haukusema chochote.

"Sukari yako iko sawa," akasema.

"Sawa kabisa?" mama akauliza kabla yangu.

"Sawa kabisa. Sasa tuone miguu. Panda kitandani, funga macho. Nitakugusa, ukisikia useme."

Nilijua anachotaka kufanya. Niliwahi kukiona. Wakati ule nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha baba, muuguzi mwingine ameshika uzi mgumu kama wa kuvulia samaki, anamgusa baba kidoleni, unyayoni, kisiginoni, na baba amefumba macho kwa utiifu. Alipokwisha kuguswa kila mahali, baba aliuliza kwa upole, "Nesi, bado hujaanza?" Mimi na mama tulitazamana. Hatukuwahi kulizungumza lile hadi leo.

Nikafunga macho. Kisha kitu chembamba, chepesi kama mguu wa mdudu, kikagusa kidole gumba.

"Hapo," nikasema.

Kikagusa chini ya kidole kidogo. "Hapo." Katikati ya unyayo. "Hapo." Kando. "Hapo." Mguu wa pili, "hapo, hapo, hapo," na kila nikisema nilisikia pumzi ya mama pembeni yangu ikitoka kidogo kidogo. Kwenye kisigino tu nilichelewa, muuguzi akasogeza uzi, nikasema tena, "Hapo."

Nilipofumbua macho mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Mishipa yako ni mizima," muuguzi akasema. Akabonyeza kisigino kwa dole gumba. "Hapa umeota sugu. Pini ilipita ubavuni, kwenye ngozi iliyokufa, haikufika penye uhai. Ungesikia nini? Ni kama kuchoma ukucha." Akanipa sindano ya pepopunda, akaniuliza nafanya nini hata nikawa na sugu namna ile. Nikamwambia. Alicheka kidogo. "Kimbia, ila usiku kabla ya kulala kagua nyayo kwa macho. Sugu ikizidi, isugue. Na zoa pini zako." Kisha akamgeukia mama. "Wewe mama, umepima lini?"

Mama akashusha kanga. "Mimi sijawahi," akasema.

Nilimtazama. Mwanamke aliyetusukuma sote, aliyenisuta uani kwake, alikuwa hajawahi kutobolewa kidole.

"Umekula leo?"

"Sijala. Sikunywa hata chai." Akanyoosha mkono mbele, macho amefumba kabisa. "Nimekuja na nia yangu. Nilisema nikifika mlangoni, sitatoka bila kujua."

Nikamshika mkono ule mwingine. Mashine ilichukua muda uleule, lakini mimi niliuona mrefu mara mbili. Sukari yake ilikuwa juu kidogo ya kawaida. Si ugonjwa, muuguzi akasema, ni onyo. Apunguze sukari kwenye chai, apunguze na wali wa jioni, atembee, na arudi kupima baada ya miezi mitatu. Mama alisikiliza kwa makini, akauliza habari za mihogo, akauliza habari za tende, kisha akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyowafanya watu wa kwenye benchi nje wageuke.

Tulitoka tukiwa na njaa kama watu waliolima. Kwenye mgahawa wa kwanza tuliagiza supu na chapati, mama akanywa chai isiyo na sukari, akakunja uso, akasema ladha yake ni kama ya maji ya kuoshea sufuria, akaimaliza. Tulicheka kwa jambo lisilochekesha. Aliniambia kwamba kila mwaka alipokuwa akinihimiza mimi, alikuwa anajihimiza mwenyewe, na kila nilipoahirisha alipata nafuu. "Nilisema, maadamu na yeye haendi," akasema, huku akiokota makombo ya chapati mezani.

Nyumbani alijilaza kwenye godoro la mwanangu mkubwa "kidogo tu," akalala mpaka watoto waliporudi shule, wakamzunguka wakipiga kelele, asishtuke. Mara kwa mara nilisimama mlangoni nikimsikiliza anakoroma. Gari la kurudi likampita. Akakaa kwetu siku tatu.

Mimi nilizoa kibanda kizima kwa sumaku niliyoikuta kwenye spika mbovu ya redio, nikapata pini nyingi kuliko nilivyodhani ninazo. Jioni mume wangu alikaa na jiwe la kusugulia na beseni la maji ya moto, akakifanyia kazi kisigino changu huku akilalamika kwamba hakuoa kwa ajili ya kazi hiyo.

Asubuhi ya pili mama akasema na yeye anakuja kuwapeleka watoto, si ameambiwa atembee? Alivaa viatu vyake vya kufunga, akajifunga kanga vizuri, tukaenda. Wakati wa kurudi nilivua ndala. Aliangalia miguu yangu, akaangalia njia, akasema, "Haya, kimbia basi, unangoja nini?"

Nikakimbia. Lakini sikutaka kumwacha peke yake kwenye njia asiyoizoea, kwa hiyo nilifika kwenye kona, nikageuka, nikamrudia, nikampita, nikazunguka, nikaondoka tena. Yeye alitembea katikati ya njia bila haraka, mikono nyuma. Mara ya nne nilipompita alitikisa kichwa.

"Unanirukiaruka kama mwanambuzi," akasema, na nikaona ameongeza mwendo.