Kofia ya Mashine ya Momela

Pu-pu-pu-pu, fsi. Pu-pu-pu-pu, fsi.

Hiyo "fsi" ndogo, kama mtu anayemwita paka kwa aibu, ndiyo iliyonipokea kazini siku ya kwanza. Mashine ya boti ilikuwa imefungwa kwenye ubao nyuma ya gereji moja kwenye mtaa wa Sakina, mguu wake umezama ndani ya pipa la maji. Fundi Mkuu, mzee aliyejifunza kazi hiyo Mwanza kabla sijazaliwa, alinitazama juu ya miwani.

"Binti, umesikia nini?"

"Shikamoo Fundi. Nimesikia mashine."

"Marahaba. Mashine hata kuku wa jirani wameisikia. Kesho uje na masikio."

Nilikuja nayo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha pili nimekiacha njiani. Nilikulia Kikwe, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni mfereji wa kumwagilia mahindi, lakini nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitafanya kazi ya boti. Mafundi pikipiki waliotuzunguka hawakunipumzisha. "Da' Neema, leo umevua wangapi?" Nami nawajibu, "Wawili, mmoja kafanana na wewe." Tunacheka, wao wanarudi kwenye pikipiki zao kumi, mimi narudi kwenye mashine yangu moja. Mjini kwetu boti ni chache mno. Mtu wa kuongea naye habari za kazi alikuwa mmoja tu, naye hakuwa msemaji.

Alinifundisha hivi. Moshi wa mashine ya boti hautoki juu kama wa gari. Unashuka ndani ya mguu na kutokea chini majini. Pembeni ya injini kuna kifuniko cha njia ya moshi, kimebanwa kwa bolti nyingi ndogo, na katikati pana gasketi, yaani karatasi ngumu ya kuziba. Gasketi ikiliwa, moshi unapenya. Ndiyo ile "fsi". Kuitafuta, unapaka maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa bado baridi, unaiwasha, unaangalia povu linapopulizwa. Na kama kuna mstari mweusi wa masizi, hata sabuni huihitaji.

Mwaka wa tatu Fundi Mkuu alianza kupoteza uwezo wa kuona. Ndipo aliponituma peke yangu Momela, kwenye kituo kidogo cha kupima maji na kuhesabu ndege. Kilikuwa na boti moja, mashine moja kuukuu, na mwendeshaji mmoja, Mzee Anaeli. Mkuu wao alikuwa Mama Msimamizi, mwanamke wa maneno machache.

"Mashine inazimika katikati ya ziwa," aliniambia. "Na humo mna viboko. Mafundi watatu wameshaisafisha kabureta. Ijumaa napanda kwenye boti mwenyewe. Ikizimika, boti naiondoa, na Mzee Anaeli sina kazi nyingine ya kumpa."

Mzee Anaeli alikuwa nyuma yangu, ameshika kofia yake kifuani. Alikuwa amebakiza miaka miwili apumzike kwa heshima. Aliniletea tu chai.

Jumatatu na Jumanne nilifanya kazi kando ya maji, peke yangu na flamingo. Nilisafisha kabureta mara ya nne. Nikabadilisha plagi na kuchuja petroli. Nikaiwasha, ikaimba saa nzima bila kukohoa. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumatano asubuhi Mzee Anaeli aliingia nayo ziwani. Mlio ukaenda, ukaenda, ukakata. Nilisimama ufukweni nikimtazama akipiga kasia, mdogo kama mdudu, na viboko wakitoa masikio upande wake wa kushoto. Alipofika alikuwa na macho mekundu na kichwa kinamuuma.

"Mama Msimamizi ameona?" nikamuuliza.

"Ameona. Nimemwambia nimeizima mwenyewe, nisiwatishe ndege." Akatabasamu kidogo. "Nimekukopea uongo mmoja, mwanangu. Sina wa pili."

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia Fundi Mkuu, nikamweleza yote, hata habari za wale mafundi watatu. Machozi yalikuwa karibu.

"Fundi, nchi kavu inaimba. Ziwani inakufa."

"Ulipoiwasha nchi kavu, kofia yake ilikuwa wapi?"

Kofia ni lile ganda la juu linalofunika injini. "Kwenye majani," nikasema.

"Na huko ziwani?"

Huko ziwani ilikuwa imefungwa, kama inavyotakiwa.

"Wale watatu ni mafundi wa pikipiki," akasema. "Pikipiki haina kofia. Sasa na wewe umekuwa wa nne?" Akakata simu.

Nilishuka mbio. Nikawasha, nikaifunga kofia. Haikumaliza dakika tano, ikakohoa, ikazimika. Nikaivua, nikawasha tena, ikachangamka. Moshi ulikuwa unavuja ndani ya kofia, na kabureta ilikuwa inavuta moshi badala ya hewa. Mashine ilikuwa inakosa pumzi kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi, na kila fundi alikuwa anamfunua mgonjwa kabla ya kumpima. Niliiacha ipoe, nikapaka sabuni ukingo wa chini wa kifuniko cha moshi, nikaiwasha. Povu likapulizwa. Fsi. Mlio wa injini iliyo wazi ulikuwa umeimeza siku zote.

Mashine hujipoza kwa maji ya ziwa inayoyavuta, na ya Momela yana magadi, nayo magadi hula aluminiamu yake. Ndiyo maana kila safari ikiisha, mashine lazima inyweshwe maji ya bomba yasiyo na magadi, kuusafisha mwili wake ndani.

"Mzee, ulikuwa unainywesha?"

Akainamisha kichwa. "Mwaka jana bomba lilikauka. Kina mama walikuwa wanagombea ndoo. Nikaona aibu, kumpa chuma maji mbele yao."

Ningemlaumu vipi?

Alhamisi nzima nilihangaika na bolti. Niliziloweka mafuta, nikazipasha moto, nikazigonga taratibu. Moja ilikatika, nikaitoboa kwa subira. Kifuniko kilikuwa kimepinda. Nilimwomba Mama Msimamizi kioo cha meza yake, nikalaza msasa juu yake na kukisugua kifuniko mpaka kikalala sawa. Gasketi mpya niliikata kwa mkono. Nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa kupishana.

Ijumaa Mama Msimamizi alipanda. Kofia ilikuwa imefungwa. Walizunguka ziwa lote, na mlio haukukatika hata mara moja. Aliposhuka alisema, "Mzee Anaeli, Jumatatu saa moja kama kawaida." Mzee aligeuka upande wa mlima akajifanya anapenga kamasi.

Alimaliza miaka yake miwili, akaenda kulima nyanya. Fundi Mkuu alifariki, gereji ikafungwa. Nikahamia Momela, nikawa mwendeshaji na fundi kwa pamoja. Sasa kituo kimeleta mashine ya betri. Haina moshi, haina kofia, hainung'uniki. Ni nzuri, na ndege wanaipenda. Kwa hiyo nimestaafu kazi ya moshi bila hata mvi moja. Nyinyi vijana mnaoanza, chochote mnachotengeneza, kipimeni kikiwa kimevaa nguo zake za kazini. Na bado naota. Nataka nikaione Mwanza, nisikie mashine mia kwa wakati mmoja.

Juzi, siku yangu ya mwisho ya kazi hiyo ya moshi, niliingia stoo peke yangu. Mashine kuukuu ilikuwa kwenye ubao wake, vumbi tupu. Haitaingia tena ziwani. Nilichota ndoo nne bombani, nikazimimina kwenye pipa chini ya mguu wake, nikaiwasha, nikaivalisha kofia. Nilisikiliza mpaka nikaridhika kuwa hakuna "fsi". Ilipokwisha kunywa nikaizima, nikaifuta, na kubana kibano cha kofia yake.