Aliyekuwa Akinichagulia Divai

Chupa ya kwanza tuliirudisha dukani. Mume wangu aliinunua Masasi alipokwenda kwa kazi za ghala, akapanda nayo mpaka kwetu Newala ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti, na tulipoifungua jioni ile ikatema povu la zambarau likaenea kwenye kitambaa changu cheupe cha meza. Nikapiga kelele kwamba imechacha. Watu wa huku tunakijua kinywaji kinachochemka. Uraka, pombe yetu ya mabibo, ukiwa bado unatokota kwenye mtungi haunyweki, unauacha utulie, na ule unaoanza kutokota upya baada ya kutulia unamwagwa nyuma ya nyumba. Divai tuliyoijua sisi Waanglikana ilikuwa ya altareni, nyekundu na mpole, na tangu nibatizwe sijawahi kumwona padri akipambana na mapovu ndani ya kikombe. Kwa hiyo hatukuonja hata tone. Tuliifunga, na Jumamosi tukateremka nayo Masasi wote wawili, maana mume wangu hakujua kugomba na mimi, mwalimu wa shule, najua.

Mwenye duka, mama wa makamo aliyeuza vinywaji karibu na stendi, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akacheka hadi akashika meza.

"Mwalimu, mapovu ndiyo yenyewe hayo! Waini hii ndivyo ilivyozaliwa."

Nilikasirika zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumsema vibaya mbele ya wateja wake na sasa sikuwa na pa kujificha. Yeye hakuweka kinyongo. Alitoa nyingine kwenye friji, akaifungua, akatumiminia kidogo kidogo. Mimi nikanywa upesi ili yaishe. Mume wangu aliinua glasi kwenye mwanga wa mlango, akatazama povu linavyoshuka, akanusa, akaweka kinywani, akaizungusha mdomoni mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Hii daraja la kwanza," akasema.

Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa korosho ghalani. Wakulima wa Mnyambe na vijiji vya jirani walipoleta magunia yao, yeye ndiye aliyechomeka chuma cha kuchukulia sampuli, akatoa kiganja cha korosho, akazipasua kwa kisu na kutazama ndani. Nyeupe na imejaa, daraja la kwanza. Ina madoa au imesinyaa, la pili. Imeoza, irudi nyumbani na mwenyewe. Watu walimchukia msimu mzima na kumheshimu msimu mzima, kwa sababu hakumpendelea mtu. Kaka yangu mmoja, ambaye magunia yake yalirudi, hakutusalimia tangu mavuno mpaka mvua. Basi lile jicho na ule ulimi aliokuwa nao kwa korosho, akavihamishia kwenye divai nyekundu ya mapovu. Kwa nini hiyo na si kitu kingine, sijui. Pengine ilimchekesha kwamba tuliitukana kabla ya kuionja.

Tangu hapo kila aliposhuka Masasi alirudi na chupa, na kila chupa ilipimwa. Hakununua iliyokaa kwenye rafu ya mbele, ile inayopigwa jua mchana kutwa ili wapita njia waione. Alimwomba mama wa duka amtolee ya nyuma, gizani. Hakutaka iliyozeeka pia. Alisema divai hii si nguo ya arusi, haiwekwi kabatini ikingoja siku yake. Alijifunza maneno ya Kiitaliano kwenye karatasi za chupa, akayasoma kwa sauti mezani mpaka nikamsahihisha matamshi ambayo mimi mwenyewe siyajui: "dolce" ni tamu, "secco" ni kavu, ile isiyoachiwa sukari. Iliyotiwa gesi tu kiwandani aliijua kabla ya kuionja, maana mapovu yake ni makubwa, hupanda kwa kelele, na kabla hujakaa kitini yamekwisha. Nzuri povu lake ni dogo, la rangi ya waridi, na huendelea kupanda taratibu mpaka mwisho wa glasi. Wala hakuipenda ikiwa na baridi kali. Baridi kali huficha makosa, alisema. Umeme ukikatika aliitumbukiza kwenye mtungi wa maji, nami nikalalamika kwamba maji yenyewe huku juu ni ya shida, na mwezi wa saba, ukungu unaposhuka Newala, aliiweka dirishani tu ikatosha.

Mimi nilipenda tamu, na yeye alinihurumia. Divai kavu kwangu ilikuwa dawa ya kikohozi. Pasaka moja akanipa hiyo kavu pamoja na nyama ya nguruwe yenye mafuta, akaniambia nitafune kwanza, kisha ninywe. Ukali wake ukasafisha mdomo wote, na tonge lililofuata likawa na ladha mpya kabisa. Nilimwambia si mbaya. Alitembea kifua mbele mpaka Jumatatu.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu, tulitenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Alikuwa akisikia kizibo kikipasuka, anaita kutoka uani kwake, "Mwalimu, leo mmepata?" Nikijibu tumepata, anasema, "Haya, Mungu awasamehe," na baada ya muda analeta sahani ya korosho za kukaanga, maana alijua hatuli kitu kingine nayo. Ndivyo tulivyoishi. Watoto walikwenda zao mijini, mimi nikastaafu kufundisha, naye akaendelea na ghala lake, na kama ungeniuliza wakati ule ningekwambia maisha yetu hayana habari yoyote.

Hujafa hujaumbika. Ugonjwa ulianzia ghalani, si nyumbani, na labda ndiyo maana nilichelewa kuuona. Walikuja wenzake wawili mchana, wakaketi sebuleni wakizungusha kofia mikononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Kuna nini?"

Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Tunaomba Mzee apumzike." Alikuwa amepitisha magunia ya korosho zilizooza, akayaita daraja la kwanza. Walipomwonyesha, akapasua nyingine, nyeusi ndani, akaitazama vizuri, akasema daraja la kwanza. Walikuwa wamemsitiri kwa muda mrefu, wakipima upya kila alichopima, kwa sababu walimpenda. Nilitaka kuwafukuza. Nilisema wanamwonea wivu. Kisha nikamtazama mume wangu aliyekuwa amekaa nao pale pale, akitabasamu kwa upole, nikaona hajui kwamba ni yeye anayezungumzwa.

Daktari alisema ni maradhi ya kusahau, na kwamba kilichokwenda hakirudi. La kuvunda halina ubani. Yakaondoka majina ya wajukuu, yakaondoka ya watoto, kisha nami nikaondoka. Akaanza kuniita "mama" kwa adabu kubwa, vile unavyomwita muuguzi wa zamu. Nikimvisha shati anashukuru. Nikimwogesha anaona haya, anaomba radhi kwa kunisumbua. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kuniomba radhi kwa lolote, na sasa aliomba kila saa, nami nilichukia kila radhi aliyoiomba.

Nilibakiwa na tumaini moja, na nitalieleza hata kama ni la kijinga. Siku moja nilishuka Masasi kwa dawa zake, nikapita dukani, na kwa mazoea nikachukua chupa. Sikuwa na macho ya kuchagua kama yeye. Ilikuwa tamu ya kutapisha, mapovu yake ya kelele. Nikammiminia kidogo. Akaonja, akakunja uso, akaisukuma glasi kwangu na kutikisa kichwa.

Nililia kwa furaha. Nilimpigia simu binti yetu Dar es Salaam, nikampayukia, "Baba yako yupo! Amekataa divai mbaya!" Akasema taratibu, "Mama, si daktari alikataza pombe?" Alikataza kweli. Nikawa nampa kiasi cha vidole viwili tu kwenye glasi, mara chache, na kama ni dhambi naibeba mimi. Maana nilijiambia kwamba jina langu limekwenda, lakini ulimi wake upo, na mtu anayejua kizuri na kibaya hajaondoka bado. Kila niliposhuka Masasi nilimsumbua mama wa duka: hii imekaa tangu lini, ile ya nyuma iko wapi, kavu huna? Alinivumilia. Siku nyingine mume wangu alikunywa na kunyamaza, siku nyingine alikunja uso, na kila alipokunja uso mimi nilipata nguvu za wiki nzima. Nilikuwa nimeacha kutafuta divai. Nilimtafuta yeye.

Kisha binti yetu akatuma kwa basi chupa ya kavu, ya aina ambayo baba yake aliipenda kuliko zote, imeviringishwa kwenye khanga mbili. Pengine alinihurumia. Nikaingoja Jumapili. Tuliporudi kutoka kanisani nilimkalisha barazani kwenye kiti chake, nikakaanga nyama, nikaitoa chupa kwenye friji mapema ili baridi ipungue, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Povu lilipanda dogo dogo, la waridi. Hata mimi niliona kwamba ni lenyewe.

Hakuinua glasi kwenye mwanga. Hakunusa. Alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, akanirudishia glasi.

"Nzuri," akasema. "Asante, mama."

Moyo wangu uliruka. Ningeishia hapo. Ningekuwa mtu mwenye busara ningechukua lile neno "nzuri" nikalala nalo. Lakini nimefundisha maisha yangu yote, na mwanafunzi anayetoa jibu sahihi bila kutazama ubao, unamuuliza mara ya pili. Kwenye friji kulikuwa na masalia ya chupa ya zamani, yamekaa wazi mpaka mapovu yamekufa na ladha imekuwa siki. Niliyaweka kwa kulainishia nyama. Nikayamimina kwenye glasi ileile nikampa.

"Nzuri. Asante, mama."

Sauti ileile, tabasamu lilelile. Nikaingia ndani kwa haraka, karibu nimwage vitu, nikatengeneza sharubati ya unga mwekundu tunayowapa watoto wa wageni, sukari na rangi tu, nikaitoa.

"Nzuri. Asante, mama."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata darasani. Nikaleta glasi nyingine, nikamimina tena kila kinywaji kwenye yake, nikazipanga zote tatu mbele yake. "Ipi mbaya?" nikamuuliza. "Hebu nionyeshe moja tu iliyo mbaya. Kataa moja!" Akaziangalia kwa wasiwasi, moja baada ya nyingine, akijitahidi kugundua ni jibu gani litakalonifurahisha. Nilikuwa nimewaona watoto wengi wakinitazama hivyo.

"Zote nzuri," akasema. "Usihangaike, mama. Zote nzuri sana."

Nikakaa chini. Jirani hakuita kutoka uani, nadhani alisikia. Nikachukua ile glasi ya divai kavu, ile ya daraja la kwanza, nikaonja mimi. Nilidhani nimejifunza. Nilidhani baada ya miaka yote ile angalau nitaweza kusema hii ndiyo, na ile siyo, na nitabaki na hicho. Ilikuwa chachu na nyekundu. Sikupata kitu zaidi. Nikaelewa kwamba siku zote nilikuwa nikionja huku namtazama usoni, na furaha niliyoiona pale ndiyo niliyoiita ladha. Sasa uso ule ulikuwa mbele yangu na haukuniambia kitu. Nilikata tamaa siku ile, nayo haijanirudia.

Yeye alikuwa ameanza kuangalia mlango. Akanisogelea, akanong'ona.

"Mama, mwenye nyumba hatagomba? Naona unanipa vinywaji vyake."

Nikamwambia hatagomba.

"Yuko wapi?"

Nikasema hayupo.

Akalipokea jibu hilo. Kisha akasogeza glasi kando, akaufuta mkono wake wa kulia kwenye suruali, akaushika wangu kwa mikono yake miwili, kama tunavyoshikana msibani.

"Pole sana, mama," akasema. "Alikuwa mtu mzuri?"

Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaendelea kunishika mkono, mpaka nyama ikapoa mezani.