Sahihi ya Arobaini

Jambo zima lilitugharimu krona mia nne na kumi na mbili, kilo ishirini na tano za mchele, kondoo mmoja aliyekatwakatwa na mchinjaji asiyejua maana ya pilau, na hitima moja ambayo haijasomwa mpaka leo. Hayo matatu ya kwanza nimeshayasamehe. La nne ndilo linalonifanya niandike.

Nilikwenda Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini kwa mafunzo ya ufundi ya miezi kumi na minane. Miezi hiyo niliihesabu mara mbili na bado nikakosea, maana miaka saba baadaye nilikuwa ningali nakaza boliti katika kiwanda cha malori Södertälje, nina mke, na watoto wawili wanaonijibu Kiswidi nikiwaita kula. Tulikaa Hallunda, kwenye maghorofa ambayo rangi yake ilikuwa bado inanuka. Majengo manne yalitazamana, na katikati palikuwa na uwanja wenye bembea na mabenchi. Milango tisini na sita. Chini ya jengo letu palikuwa na chumba kikubwa ambacho ramani ya manispaa ilikiita mahali pa wakazi wote, lakini tulichokiona wakazi wote ni kufuli.

Ghorofa ya tatu, mlango wa sitini na tatu, alikaa jirani yetu kutoka Kampala na watoto wake. Mumewe alikuwa karani wa benki. Asubuhi moja, huko Kampala, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, watu wakashuka kwenye gari wakamchukua. Hakurudi, wala maiti haikuonekana. Mkewe akakimbia na watoto, akangoja. Mwaka wa tatu akaja mtu aliyefungwa pamoja naye, akasema maneno mawili tu: "Msimngoje." Hapo dada yule akaamua amsomee mumewe hitima, na yeye apumue. Lakini wapi? Mara ya mwisho watu kumi walipokusanyika kwake kusoma, jirani wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na kesho yake ikaja barua.

"Shemeji," aliniambia, "wewe unajua kupatana na hawa watu. Nitafutie kile chumba, hata siku moja."

"Siku moja wataringa," nikasema. "Tuombe cha daima, watatushukuru tukikubali hata siku moja."

Ofisini manispaa nilipokewa na bibi mmoja mpole mwenye penseli iliyochongwa kama sindano. Kilikuwepo kifungu cha kuwasaidia wakazi kufanya sherehe za kiangazi. Tukifanya sherehe uwanjani, na wakazi watu wazima sitini wakatia sahihi siku hiyohiyo kwamba wanakihitaji chumba, tutapewa ufunguo. Tusipowafikisha, chumba kitakuwa stoo ya baiskeli. Nikamshusha kutoka sitini hadi hamsini, nikavaa koti kana kwamba naondoka, akafika arobaini.

"Na mtafanya siku gani?"

"Jumamosi ya katikati ya Julai," nikajibu upesi asije akabadili nia.

Akainua macho. "Julai?"

"Julai. Viwanda vimefungwa, kila mtu yuko likizo. Watakuwa nyumbani."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake akipanda ngazi isiyoegemea ukuta. Kisha akaandika Julai. Kule watu hawakukatizi unapokosea kwa uhakika.

Kwetu mtu akiwa na shughuli hualika mlango. Waliomo ndani watajihesabu wenyewe. Nikapeleka karatasi milango yote tisini na sita, nikarudi kuhakikisha. Milango mingine niligonga, na ikanyamaza. Nikasema watu wako kazini. Kazini gani, Julai? Swali hilo nilijiuliza nimeshanunua kondoo.

Siku ilipofika tulipanga mabenchi tangu saa nane mchana. Uwanja ulikuwa na kimya cha kusikia masikio yako. Mapazia yameshushwa jengo zima, kama nyumba zilizofumba macho zisituone. Bembea zilikuwa zimetulia, minyororo imenyooka. Jua la Julai kule haliendi kutua kwa adabu. Linazunguka juu ya mapaa kama mgeni asiyejua kuaga, na vivuli havisogei unavyotarajia. Saa kumi na moja kamili, mchana mweupe, taa ikawaka ghorofa ya tano. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Wapo." Ikawaka ya pili, jengo la pili. Ya tatu. Zote kwa dakika moja. Hakuna kivuli kilichopita dirishani.

"Ni saa ndogo hizo, zinawasha taa zenyewe," alisema jirani yetu Mkongo aliyekuwa anatengeneza santuri. "Ili mwizi adhani watu wako. Bon. Na wewe leo ndiye mwizi. Wako kwenye vibanda vyao vya visiwani mpaka Agosti. Ndugu, ulialika watu ama ulialika milango?"

Hata hivyo, harufu ya pilau ni mwito. Walishuka wasiokuwa na kibanda kisiwani: Wafini, Waturuki, Wagiriki, na vikongwe wa Kiswidi wawili walioshikana mikono. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja: utie sahihi, uandike namba ya mlango, ndipo upewe sahani ya karatasi. Bila sahihi, ni harufu tu. Sahani zilikuwa hamsini, zimefungwa pakiti moja. Kwa hiyo hesabu ilijilinda yenyewe.

Saa moja jioni, na jua bado liko juu, zilikuwa zimebaki sahani kumi na moja. Sahihi thelathini na tisa, zetu sisi waandaaji zikiwemo. Niligonga milango tena mpaka vifundo vya vidole vikauma. Hakuna. Nikapanda juu ya benchi nikawahesabu watu kwa kidole, labda kuna aliyekula kwa sahani ya mwenzake. Thelathini na tisa. Nikarudia kutoka upande wa pili. Thelathini na tisa.

Dada wa mlango wa sitini na tatu alikuwa anamimina chai. Akaiweka birika chini.

"Umewahesabu watu, shemeji?"

"Nimewahesabu."

"Kwa kidole?"

"Mara mbili."

Akajifunga kanga kifuani vizuri. "Watu hawahesabiwi. Bibi yangu alikuwa anahesabu vikombe, anahesabu viatu mlangoni. Watu, hapana. Ukiwahesabu atapungua mmoja, ama ataongezeka."

"Basi na aongezeke," nikasema. "Mimi nimepungukiwa na mmoja tu."

Mkongo akacheka. Mke wangu hakucheka. Na mimi, nakiri, niliyasema yale nikijiona mjanja.

Watu wakaanza kuondoka. Tukaingiza mabenchi ukumbini, kile chumba cha chini, sisi wanne, wawili wawili kila benchi, mimi na mke wangu, Mkongo na dada yule; bawabu alikuwa amefungua kufuli kwa siku ile. Orodha niliiacha mezani nje, nimeikandamiza kwa kifuniko cha sufuria, na kalamu yangu ikining'inia kwa uzi. Hatukukaa ndani hata robo saa. Tuliporudi uwanja ulikuwa mtupu, na bembea moja ilikuwa inapunguza mwendo.

Kifuniko kilikuwa kimewekwa pembeni, chali.

Nikazihesabu sahani: kumi. Nikarudia: kumi. Ya kumi na moja ilikuwa mwisho wa meza, imeliwa kwa mkono, punje zimekusanywa mpaka ya mwisho, mifupa imepangwa upande mmoja. Orodha ilikuwa na sahihi ya arobaini. Mkia wake ulirudi nyuma chini ya jina zima, na chini ya mkia nukta mbili. Kwenye nafasi ya mlango: sitini na tatu.

Dada yule alikuja akasoma juu ya bega langu. Hakupiga kelele. Aliweka kidole kwenye nukta ya kwanza, akakihamisha kwenye ya pili. Kisha akaichukua ile sahani tupu, akaifunika kwa leso, akapanda nayo ngazi.

"Kazi safi, ndugu," Mkongo akaninong'oneza. "Lakini ungeandika mlango mwingine."

Usiku ule mke wangu aliniuliza mara moja tu: "Ni wewe?" Nikaapa. Akageukia ukutani. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemjazia jirani yetu fomu zake alipofika, na cheti chake cha ndoa nilikishika kwa mikono hii. Sahihi ya mumewe nilikuwa nimeiona, mkia na nukta zake mbili. Lakini nilikuwa na mke wangu ukumbini, nimeshika upande wa pili wa benchi. Nimejihoji, kisha nikajihoji tena. Nilijaribu hata kuiiga kwenye karatasi ya bahasha; mkia unanishinda.

Jumatatu nilikuwa manispaa. Ningeweza kuukata mstari ule kwa kalamu. Sikuukata. Bibi wa penseli alihesabu mpaka arobaini, akasimama mlango wa sitini na tatu.

"Hawa wawili ni nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Mume na mke?"

Nilifikiria ukumbi, nikafikiria hitima. "Ndiyo," nikasema, na hapo sikusema uongo. Akanipa ufunguo, akanipongeza kwa Julai yangu.

Siku ile ile nikaupeleka ufunguo mlango wa sitini na tatu, nikiutikisa ulie. Dada alifungua nusu.

"Ukumbi tunao. Hitima tusome lini?"

"Hitima ya nani, shemeji?" Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Mtu anayetia sahihi hasomewi hitima."

Tangu hapo ukumbi umefanyiwa harusi mbili, Idi, Krismasi ya Wafini, na darasa la kushona. Hitima haijasomwa. Na manispaa, kwa uangalifu wake, iliwaingiza wote arobaini kwenye kitabu cha sherehe za kiangazi. Kila mwanzo wa kiangazi inashuka barua kwenye mlango wa sitini na tatu, bahasha nyeupe, jina la mume juu na la mke chini: mnakaribishwa. Dada anaziweka kwenye droo pamoja na ile sahani. Sasa ziko nne. Fundi mmoja wa kiwanja cha ndege, anayekaa Märsta, mtu wa heshima, alituma wazee kumposa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mimi ni mke wa mtu." Mtoto wake mkubwa ameacha kutuuliza baba yuko wapi, siku hizi anauliza anashuka treni ya saa ngapi.

Bibi wa penseli nilimwomba alifute jina. Akasema mkazi hufutwa kwa cheti cha kuhama au cha kifo. Nikajaribu kupatana naye. Mara hii koti nililivaa nikaondoka nalo kweli.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza nyinyi mliosoma mpaka hapa kwa sababu walio karibu nami wameshaamua kuwa ni mimi. Nikipanda ngazi nikamwambia, "Dada, niliandika mimi, nilikuwa na upungufu wa mmoja, nisamehe," atanichukia, na atakuwa na haki. Lakini atasoma hitima, atalia, na watoto watajua. Itakuwa uongo. Nikinyamaza nitakuwa na ukweli wangu, naye atakuwa anapakua sahani moja zaidi kila jioni. Na kama nikisema niliandika mimi, halafu siku moja kengele ya mlango wa sitini na tatu ikalia? Hesabu hii nimeipiga mara mbili na kila mara inanipa jibu jingine. Nishaurini, tafadhali, na mfanye haraka: barua ya tano inashuka kabla ya Julai.