Mto wa Dada

Dada yangu alipohamia Wales kufanya kazi ya uuguzi, alipanga chumba bondeni, kando ya mto mdogo unaoshuka mlimani. Unaitwa Afon Llafar. Afon ni mto, hilo tulilielewa. Llafar ndilo lililotutesa. Dada alitufundisha kwa simu: weka ulimi kama unataka kusema "la", halafu pitisha hewa pembeni. Mama, mzaliwa wa Ilala, alijaribu mpaka akajitemea mate kwenye kanga.

"Nitamwombeaje mtoto," akalalamika, "na mahali penyewe siwezi kupataja?"

"Mungu anapajua, mama," nikamwambia.

"Mungu anapajua. Mimi je?"

Jina likanifuata hadi Kariakoo, ninakouza vitenge. Nampimia mteja huku ulimi unahangaika. Mmoja akaniuliza kama jino linaniuma.

Asubuhi moja dada akatuma ujumbe wa sauti. Mvua haijakata, alisema, mto umepanda. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo kama lori zito linalopanda kilima. Nikamjibu. Tiki moja. Nikapiga, hapatikani.

Kazi ikanishinda. Nilimfungia mteja kitenge cha mwenzake, nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mama alipiga simu mfululizo: "Amepatikana?" Mwishowe akapanda bajaji akaja mwenyewe. Nilimpa kiti. Akakaa, akasimama, tasbihi mkononi, akakaa tena.

Alasiri simu ikalia. Dada alikuwa mzima. Daraja la waenda kwa miguu lilisombwa, umeme na mtandao vikakatika, naye akamshika mkono jirani yake, bibi mmoja mzee, wakakimbilia kanisani huko juu. Sasa walikuwa wamerudi, lakini alisema kwa kupaza sauti, maana maji yalikuwa bado yananguruma dirishani.

Mama akaninyang'anya simu. "Hilo jina lina maana gani?"

"Mwenye sauti, mama. Msemaji."

"Mwambie anyamaze kidogo, nikusikie wewe."

Dada akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikamsihi arudi nyumbani. Akakataa: ana wagonjwa wake, na mto ule anaupenda.

"Anaupenda!" mama akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Siku hizi mawingu yakijikusanya juu ya Posta, mvua ya kwetu isiyomhusu dada hata kidogo, mama hunipigia niangalie simu. Nami huwa nimeshaangalia.