Fundi Revelian na Mwendo wa Barabara ya Pugu

Enzi za Mwingereza, asubuhi, barabara ya Pugu ilikuwa ya baiskeli. Gari likipita, watu waligeuka kulitazama.

Fundi Revelian alikuwa mtu wa Bukoba, seremala. Nyumba Kipawa, kazi mjini, mtaa wa Gerezani. Akishapanda baiskeli haongei. Kichwa chini, miguu inakazana, kengele hapigi. Watu walisema anaendesha kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Mwenzake wa njia, Bwana Matar, mwenye duka pale Kipawa, aliyekwenda mjini kila asubuhi kufuata bidhaa, alikuwa kinyume chake. Alikaa wima kama yuko barazani kwake, kanzu ameikunja na kuibana kiunoni, kengele inalia kwa watu na kwa mbuzi. Akimwona mzee, anashuka, anatoa shikamoo miguu ikiwa chini, ndipo apande tena. Likija jeneza, anashuka, anasimama kando ameshika usukani. Kwake yeye, kumwamkia mtu mzima ukiwa juu ya tandiko ni sawa na kumwamkia ukiwa juu ya mnazi.

Wa tatu, Polikarpo, tarishi, hakuwa na mwendo wake. Siku ya upepo alijificha nyuma ya mgongo wa Fundi. Siku ya uchovu alikaa na Matar.

Miaka mingi walikwenda hivyo, wakigombana na kungojana. Fundi akitangulia, alisimama Buguruni, mguu mmoja chini, mpaka wenzake wafike.

"Fundi, huyo anayekukimbiza, leo umemwona sura?" Matar humwuliza.

"Sijamwona. Ila wewe ukizidi kusimama-simama, utadaiwa kodi ya nyumba hapo hapo barabarani."

Polikarpo hucheka, safari ikaendelea.

Kisha ikaja siku ya upepo mkali. Fundi ameinama, anakaza, hatazami mbele. Pale Vingunguti akapita katikati ya watu waliobeba maiti. Watu wakaruka kando, jeneza likayumba. Alipotambua, ameshapita. Hakurudi. Matar, aliyekuwa nyuma, alishuka, akaulizwa kama yule ni mwenzake. Aibu ikamjaa. Alipofika Buguruni, Fundi akimngoja, hakusimama.

"Mimi na wewe, Fundi, barabara basi," alisema, akapita.

Ilikuwa mara ya kwanza Matar kumpita Fundi.

Demetria, mke wa Fundi, alitaka suluhu. Alimwambia mumewe aende dukani kwa Matar, aseme neno. Fundi alijibu ataenda. Hajaenda, homa ikamshika Demetria, ikamchukua.

Matar alikuja matangani. Alikaa mkekani na wanaume, alishika jeneza zamu yake, akasema pole, akaondoka. Fundi akabaki na neno hilo moja, haelewi alitie wapi. Amesamehewa, au maiti tu ndiye aliyeheshimiwa? Pole huambiwa hata aliyejikwaa kidole. Na wa kumwuliza ndiye huyo aliyezikwa.

Matanga yalipoanuliwa, aliitoa baiskeli. Hapo ndipo akili ilipomchanganyika. Kuna jambo wenzake wa barabara hawakulijua. Jumapili, Demetria akiwa ameketi kwenye keria, wanakwenda kanisani, Fundi aliendesha polepole. Hata kengele alipiga, kwa sababu mkewe alimgusa mgongo na kumwambia apige. Mtu mmoja, miendo miwili. Sasa yuko juu ya tandiko na hajui ashike upi. Miguu ikakaza, ikaacha. Akageuka nyuma kutazama kama mtu amekaa vizuri. Keria tupu. Akashuka, akakaza nati za tandiko. Hazikuwa zimelegea.

Polikarpo akamfikia, akajibana nyuma ya mgongo wake kama zamani. Hakuweza. Mara Fundi anakwenda, mara anaacha. Tairi likagusa tairi, nusura waanguke.

"Fundi, leo unakwenda mwendo wa nani?"

"Sijui," akasema.

Polikarpo akamwonea huruma, lakini kazini wanangoja. Akatangulia.

Vingunguti, jeneza likaonekana linakuja. Fundi akashuka upesi, likiwa bado mbali. Akasimama kando, usukani mkononi, kama alivyomwona Matar akifanya. Jeneza likapita. Watu wakapita. Sasa mtu anapanda lini? Wakipita wa mwisho? Au mpaka wasionekane? Miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Kupanda akaona vibaya, kusimama akaona vibaya. Akaanza kuisukuma baiskeli nyuma yao, akijiambia ni hatua chache tu. Akajikuta makaburini.

Watu wanazika, yeye amesimama na baiskeli yake. Mzee mmoja akamsogelea, akamwuliza taratibu:

"Bwana, wewe ni nani wake marehemu?"

Fundi akafikiri. "Ni mke wangu," akasema.

Mzee akamkazia macho. Aliyekuwa anazikwa ni mwanamume, muuza kahawa. Watu wakaanza kugeuka. Sauti ikatoka kaburini, ya mtu aliyekuwa ameshika jembe. Ni Matar, marehemu alikuwa akinunua sukari dukani kwake. Akaliweka jembe, akaja, mikono ina udongo.

"Msamehe, mzee wangu," alisema. "Huyu ni mwenzangu wa njia. Amefiwa."

Mzee akampa Fundi pole, akarudi kwa watu wake. Fundi alilisikia lile neno, mwenzangu, akaogopa kuliulizia. Akauliza jingine.

"Bwana Matar, ukishashuka, unapanda lini?"

Matar akajifuta udongo. 

"Hata mimi sijui, Fundi. Mimi nilikuwa nikipanda nikiona unazidi kwenda mbali."

Maziko yalipokwisha, Matar akachukua baiskeli yake, wakatoka hadi barabarani. Wakasimama. Kila mmoja akamngoja mwenzake apande. Hakupanda mtu. Wakazisukuma, bega kwa bega, kuelekea Buguruni.

Njiani Matar akapiga kengele. Mbele hapakuwa na mtu wala mbuzi. Baada ya kitambo Fundi naye akapiga yake, mara moja, kama alivyozoea Jumapili.

Matar akageuka. "Kumbe inalia."

"Inalia," akasema Fundi.